Baada ya Kulwa na Doto, Mfumo Unataka Shija

Mfumo wa kazini kwetu hauna salamu. Hapa Bariadi mtu hawezi kukuomba hata kiberiti kabla hajakwambia "Mwangaluka", ukaitika, akakuulizia watoto, akataka kujua kama mvua imeshuka upande wenu, ndipo aitaje shida yake. Mfumo hauna nafasi hiyo. Unaandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa tupu, kwa lugha ambayo hata mkuu wangu wa shule hajawahi kunitolea: NENO LAKO LA SIRI LIMEISHA MUDA WAKE, BADILISHA SASA. Kisha unakaa katikati ya skrini, huwezi kuupita kushoto wala kulia.

Na unajua kuchagua siku. Siku nimekaa ofisini sina kipindi, umeme upo, mtandao upo, hauniulizi kitu. Unangoja siku ya mwisho ya kuingiza alama, jioni, umeme umekatika tangu asubuhi na kompyuta mpakato imebakiza chaji ya kuandikia majina mawili. Hapo ndipo unapokumbuka usalama wangu.

Hakuna aliyewahi kuniambia lile neno la zamani limekosa nini. Nililitunga mwenyewe, sikumwambia mtu, hata mama watoto halijui, na si kwamba hajawahi kuuliza. Jana lilikuwa zima, leo limeisha muda. Mwizi ameonekana? Hapana. Kuna mtu ameingia na akaunti yangu kutoka Kahama? Hapana. Miezi mitatu tu imepita, basi.

Halafu yanakuja masharti. Lisipungue herufi nane. Liwe na herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama maalumu. Lisifanane na lolote kati ya uliyowahi kutumia. Unaandika, mfumo unajibu: "Nywila yako ni dhaifu." Unaongeza mshangao mwishoni. "Dhaifu." Walimu vijana wamesimama nyuma yangu wanasubiri kompyuta, na wote wanasoma mwalimu wao wa taaluma anavyoitwa dhaifu. Nikaona niwaulize wao huwa wanafanyaje. Wakacheka wakidhani nafanya mzaha.

Sitataja la kwangu, ila nitataja yetu kwa ujumla, maana si siri tena. Huku Usukumani mapacha wakizaliwa, wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mtoto atakayewafuata ni Shija. Hakuna kikao cha ukoo kinachokaa kujadili. Sasa kuna mwenzetu alianza mwaka na Kulwa@2024. Mfumo ulipomtimua akaweka Doto@2024. Mfumo ukafurahi, ukamwekea kile kimstari cha kijani na neno "imara". Jamani, imara kwa nani? Kuanzia Lamadi hadi Mwanhuzi kuna mtu asiyejua robo ijayo ataweka nini? Hata mwizi akiwa mgeni kabisa, akipanda basi la Mwanza akamuuliza jirani yake wa siti moja, kabla hawajafika Magu ataambiwa ni Shija.

Wasio na mapacha wana mpira. Ninaamini nchi hii imegawanyika kati ya waliojifungia kwa Yanga@1935 na waliojifungia kwa Simba@1936, na mfumo ukidai jipya wanaongeza nukta. Waliobaki wanatumia miezi: Januari@1, Aprili@4, Julai@7. Hao ninawaheshimu kidogo, angalau wakisahau wanaangalia kalenda.

Msidhani ni ushamba wetu. Mwaka 2010 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill, Marekani, Yinqian Zhang, Fabian Monrose na Michael Reiter, walizipitia nywila za zamani za akaunti zaidi ya 7,700 za watu wa chuo hicho, watu waliokuwa wakilazimishwa kubadili kila miezi mitatu. Wakajiuliza: ukiijua nywila ya mtu iliyokwisha muda, utaipata mpya? Kwa asilimia 17 ya akaunti, waliipata kwa kubahatisha chini ya mara tano. Wakiiachia kompyuta ikokotoe yenyewe, asilimia 41 ya nywila mpya zilipatikana ndani ya sekunde tatu. Hao ni wasomi, wana maktaba na kiyoyozi, na wao walikuwa na Kulwa na Doto wao: wanabadili tarakimu ya mwisho, wanahamisha alama ya mshangao kutoka nyuma kwenda mbele, wanageuza herufi s kuwa alama ya dola.

Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye mzani wa pamba mkoani Simiyu anajua jambo hili linavyokwenda. Mzani unadai kilo, basi kuna mtu usiku anamwagia pamba maji, mwingine anatia mchanga, na asubuhi mzani unasoma vizuri kabisa. Mfumo unadai alama, tunautilia alama. Unasoma vizuri. Kilichomo ndani ya gunia ni kilekile cha jana na mchanga juu yake.

Nikataka kujua aliyetutia katika adha hii ni nani, maana mtu wa namna hiyo lazima awe na jina. Majina yapo, na ni mengi. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa mwongozo mwaka 1985 uliofundisha kupiga hesabu ya umri wa nywila kwa kuangalia anayebahatisha anaweza kujaribu mara ngapi kwa muda fulani. Hesabu yenyewe haina ubaya kama nywila ni ya bahati nasibu na adui amekaa mlangoni akijaribu moja moja. Kisha mwaka 2003 Bill Burr, wa taasisi ya taifa ya viwango ya Marekani, NIST, akaandika waraka uliokuja kuigwa na maofisi ya dunia nzima: changanya herufi kubwa na ndogo, tia tarakimu, tia alama, badilisha mara kwa mara. Mwaka 2017, akiwa amestaafu, Burr aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba mengi aliyoyaandika anayajutia.

Anayajutia! Mimi nimo ndani ya yale anayoyajutia, mpaka leo, na mfumo haujapelekewa taarifa ya majuto hayo.

Taasisi yake hiyohiyo, mwezi Juni mwaka huohuo wa 2017, ilitoa miongozo mipya: msiwalazimishe watu kubadili nywila kwa kufuata kalenda, walazimisheni pale mnapoona dalili kwamba imevuja. Mwaka 2025 wakakaza zaidi, kutoka kushauri hadi kukataza. Microsoft mwaka 2019 waliliondoa sharti la kuisha muda katika mipangilio ya usalama wanayopendekeza kwa Windows, wakisema ni kinga ya kizamani isiyo na thamani kubwa. Kituo cha taifa cha usalama wa mtandao cha Uingereza nacho kinashauri liachwe. Sasa lami kutoka Lamadi imefika Bariadi, minara ya simu imefika, habari hii moja ndiyo iliyokwama njiani.

Hapa mjini kuna mtu mmoja tu ninayemfahamu ambaye anafaidika, naye ni kijana wa steshenari. Ana kibanda karibu na stendi, mashine ya fotokopi, shuka jeupe la kupigia picha za pasipoti, na ukutani karatasi ya bei: kuomba ajira, kuomba mkopo wa chuo, cheti cha kuzaliwa, laminesheni. Chini kabisa, kwa kalamu tofauti, maana huduma imeanza baadaye: "Kubadili paswedi 1,000/=".

Chini ya kaunta yake kuna kaunta buku lenye jalada jeusi na utepe mwekundu mgongoni. Nimeliona. Amelipigia mistari kwa rula: jina, namba ya simu, barua pepe, nywila. Nusu ya vijana waliomaliza kidato cha sita hapa wamo humo, kwa sababu barua pepe zao alizifungua yeye, nywila akatunga yeye, na wengi hawajawahi kuziona. Kila mfumo unapolazimisha mabadiliko, anakata ile ya zamani kwa mstari mmoja safi na kuandika mpya chini yake. Kwa hiyo ukifungua ukurasa wowote unaona ukoo mzima wa nywila za mtu, babu hadi mjukuu, na hata usipokuwa mtafiti wa Chapel Hill unajua atakayezaliwa.

Siku moja nipo pale nasubiri fotokopi za mtihani, akaingia mama mmoja wa makamo, kanga mbili, amebeba fulana ya mwanae wa chuo kwenye mfuko.

"Shikamoo mama," kijana akasema.

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Nimetumwa na yule mdogo wako. Anasema uangalie kama jina lake limetoka."

Kijana akafungua kompyuta, akagonga, akaguna. "Inataka paswedi mpya, mama. Ya zamani imeisha. Anapenda tuweke ipi?"

Mama akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mwanangu, mimi nitajulia wapi? Weka tu kama ulivyoweka ile nyingine."

Akaweka kama alivyoweka ile nyingine. Akaandika kwenye kaunta buku. Akapokea buku lake la noti moja. Hao wataalamu wote waliotunga sheria ile, kuanzia Pentagoni, walifanya kazi ili jambo hilo lisitokee.

Nilitaka kumkemea kijana, nikaona nitamwonea. Bila yeye, vijana wengi wa Nkololo na Dutwa wasingeomba chochote. Daftari lenyewe halikuwa wazo lake. Mfumo unaombadilishia mtu neno asiloweza kulishika kichwani ndio ulioliagiza.

Na ukitaka kujua nywila huibwaje, soma habari ya ile ya mwanzo kabisa. Nywila za kompyuta zilianza kutumika katika chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwenye mfumo wa Fernando Corbató uliokuwa unashirikisha watu wengi kwenye mashine moja. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, aliona saa za kompyuta alizogawiwa hazimtoshi. Hakukaa kubahatisha ya mtu yeyote. Aliagiza faili lenye nywila zote lichapishwe, likachapishwa, akalichukua. Yaani kaunta buku zima. Wangekuwa wamebadilisha asubuhi ile, angechukua zilizobadilishwa asubuhi ile.

Huku kwetu hawahangaiki hata na faili. Wezi wetu wanapiga simu. Kila Mtanzania ameshapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", unaotoka kwa mtu asiyekujua, kuhusu hela usiyodaiwa. Tulisajiliwa laini kwa alama za vidole, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa, ujumbe ukapungua wiki chache, ukarudi. Mamlaka ya Mawasiliano imetoa namba 15040 ya kuutuma ujumbe wa kitapeli, na ninaituma, ninajisikia raia mwema, kesho yake unakuja mwingine. Msimu wa pamba ukifunguliwa wanaongezeka utadhani wamepewa ratiba ya masoko. Mkulima aliyelipwa kwa simu hapigwi kwa sababu namba yake ya siri ina umri wa miaka mitano. Anapigwa kwa sababu mtu mwenye sauti ya upole amemwita baba, akamwambia kuna hela imeingia kwa makosa, akamwomba aitaje namba hiyo yeye mwenyewe.

Na hebu niwaulize. Namba ya siri ya pesa kwenye simu ina tarakimu nne. Haina herufi kubwa, haina alama ya dola. Inalinda mbuzi niliowauza, ada ya watoto, mchango wa harusi ya shemeji. Ya kwangu haijawahi kuniambia imeisha muda. Ukikosea mara chache inajifunga, mchezo umeisha, nenda kawaone wahusika na kitambulisho chako. Kumbe inawezekana! Pesa zimelindwa kwa tarakimu nne na kufuli linalojua kuhesabu makosa, lakini alama za somo la jiografia za kidato cha pili zinataka neno jipya kila robo mwaka.

Mimi si mtu wa kukataa kila mabadiliko. Mwaka 2024 tuliambiwa mita za LUKU lazima ziboreshwe kabla ya tarehe 24 Novemba, la sivyo hazitapokea umeme. Nilinung'unika kama kawaida yangu. Lakini kulikuwa na sababu: mita hizo, kwetu na duniani kote, zilikuwa zinahesabu dakika tangu mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa. Nikapanda kiti, nikabonyeza tarakimu ishirini, zikafuata nyingine ishirini, na nyingine, mwanangu akinisomea na tochi ya simu. Mara moja, kwa sababu inayoeleweka, na hakuna aliyeniita dhaifu.

Kinachonimaliza zaidi ni kusahau. Ukibadilishiwa neno kila wakati utasahau, na ukisahau unaulizwa maswali ya kukutambua, na maswali hayo hayakutungwa na mtu aliyewahi kufika Simiyu.

"Jina la mama yako kabla hajaolewa." Mama aliolewa kwa ng'ombe, jina la baba yake akabaki nalo mpaka leo. Nikiliandika naliandika mara mbili, mfumo unadhani ninaucheza shere. "Mnyama wako wa kwanza wa kufuga alikuwa anaitwaje?" Nimekulia kwenye boma lenye zizi. Wa kwanza yupi? Yule ninayemkumbuka mimi alitolewa mahari ya kaka yangu kabla hatujazoeana. "Ulizaliwa mkoa gani?" Hili ndilo baya kuliko yote. Nimezaliwa Bariadi. Nilipozaliwa Bariadi ilikuwa mkoa wa Shinyanga. Mwezi Machi 2012 Serikali ikatangaza mikoa mipya, Geita, Katavi, Njombe na Simiyu yetu, na sisi tukaamka mkoani Simiyu bila kuhamisha hata kuku. Sasa nijibu nini? Nikiandika Shinyanga, mfumo unagoma. Nikiandika Simiyu, unagoma. Sikumbuki siku ninajaza nilikuwa na moyo wa historia au wa utawala. Nijuavyo ni kwamba nchi nzima imebadili jina la mkoa wangu mara moja katika umri wangu wote, na mfumo huu unaona nibadili neno langu mara nne kwa mwaka.

Watu wa mikoa mingine wakisikia natoka Bariadi wanashusha sauti na kuuliza kuhusu Gamboshi, kijiji cha huku kinachovumishwa kwa uchawi, kama ni kweli yale yanayosemwa. Wangeniona jioni ya maswali hayo nimekodolea macho "Umejaribu mara nyingi mno", wasingeogopa mtu yeyote wa huku.

Niliwahi kuufuata ushauri wa kisasa. Wataalamu sasa wanasema urefu ndio nguvu: chukua maneno kadhaa yasiyohusiana, yaunganishe, yakae kichwani mwako miaka. Nikatunga sentensi tamu sana, yenye trekta, michembe na shangazi, kitu ambacho hakuna binadamu angekibahatisha. Mfumo ukajibu: "Nywila isizidi herufi 12." Nikapunguza. "Nafasi haziruhusiwi." Nikaziba nafasi. "Lazima iwe na alama maalumu." Shangazi akatoka, alama ikaingia, na ikabaki trekta moja yenye mshangao. Imara, kimstari cha kijani.

Nikaenda kumwona afisa Tehama anayeusimamia mfumo wenyewe. Kijana mstaarabu, akanipa kiti, akanisikiliza habari za Chapel Hill na za mzee Burr mpaka mwisho, anatikisa kichwa kukubali.

"Mwalimu, hayo yote nayajua," akasema. "Hata mimi linanikera. Lakini mkaguzi akija ana fomu yake. Kuna mstari unauliza, je, nywila hubadilishwa kila baada ya siku 90? Anataka tiki. Hana kisanduku cha Chapel Hill."

Nikamuuliza sasa nifanyeje. Akaniambia niandike barua, ipitie kwa mkuu wangu wa shule, nieleze hoja zangu zote na nisisahau kuweka jina la huo utafiti, yeye ataipandisha juu.

"Na majibu nitayapata wapi?"

"Hatutumi tena barua za karatasi, mwalimu," akasema. "Utayakuta humohumo, kwenye akaunti yako. Ukiingia tu."